Adrenalini: sindano isiyongoja

Msomaji, tuseme umetoka Nairobi kuwasalimu wazee huko Asumbi, kati ya Rongo na Homa Bay. Mtoto anacheza chini ya mti, mara nyuki anamuuma. Mahali palipoumwa pakivimba, hilo ni jambo la kawaida. Lakini je, utafanya nini ikiwa baada ya dakika chache atatokwa na vipele mwili mzima, midomo ifure, sauti ikwaruze, apumue kwa shida na kulegea?

Hiyo ni aleji kali, nayo huua. Karanga, samaki au sindano ya penisilini pia zaweza kuileta. Mishipa ya damu hulegea, shinikizo la damu likashuka, na njia za hewa zikabana.

Dawa yake ya kwanza ni adrenalini. Mwili wenyewe huitengeneza katika tezi zilizo juu ya figo. Ndiyo inayoufanya moyo wako udunde ukikutana na nyoka. Mwaka 1901 mwanakemia Mjapani, Jokichi Takamine, aliyeishi Marekani, alitangaza kwamba ameitenga. Ikidungwa, hukaza mishipa, hufungua njia za hewa na kuupa moyo nguvu.

Madaktari huitumia pia moyo unaposimama, na wale wa meno huichanganya na dawa ya ganzi ili damu isitoke sana.

Kwa aleji kali, mhudumu wa afya huidunga kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Mtu mzima hupewa nusu miligramu. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake. Asipopata nafuu, hurudiwa baada ya dakika tano hivi. Vidonge kama Piriton hupunguza mwasho tu. Haviwezi kushika nafasi yake.

Muda ni mfupi mno. Uchunguzi wa vifo vya aleji uliochapishwa Uingereza mwaka 2000 ulionyesha kuwa moyo au pumzi kwa kawaida vilisimama baada ya dakika 30 ikiwa chanzo ni chakula, 15 ikiwa ni mdudu, na 5 ikiwa ni dawa iliyodungwa. Kwa hivyo usiipite zahanati iliyo karibu ukikimbilia hospitali kubwa mjini. Adunganwe kwanza, kisha apelekwe mbele akaangaliwe kwa saa kadhaa, kwa sababu dalili zaweza kurudi.

Mkiwa njiani, mlaze chali na kumwinua miguu. Akishindwa kupumua, aketi. Asisimame wala kutembea. Tafuteni gari badala ya bodaboda ikiwezekana. Usimpe maziwa, maana yaweza kumpalia.

Usinunue dawa hii na kujidunga kwa kubahatisha: kipimo kikizidi, au ikiingia kwenye mshipa, yaweza kuudhuru moyo.

Lakini waweza kuuliza. Kama binti yako yuko Asumbi Girls au shule nyingine ya bweni, na aliwahi kudhurika kwa chakula, dawa au nyuki, mwandikie mwalimu na matroni barua kabla muhula haujaanza. Nawe ukifika nyumbani, pita katika kituo cha afya kilicho karibu uulize: adrenalini ipo leo, na nani huidunga usiku? Jibu hilo ulijue kabla nyuki hajauma.