Tema povu, usisukutue

Tangu makala ya fizi zinazotoka damu ichapishwe, swali moja limekuwa likirudi kwa sura mbalimbali. Ameuliza mwalimu, ameuliza dereva wa bodaboda, ameuliza mama ambaye mwanawe wa darasa la pili keshang'olewa gego: "Tunapiga mswaki kila siku, mbona meno yanatoboka?"

Kwa wengi wenu kosa liko mwishoni. Mnasugua vizuri, kisha mnachota kikombe cha maji na kusukutua mara tatu nne mpaka ladha ya dawa iishe mdomoni. Hapo mmeimwaga dawa pamoja na povu. Mswaki huondoa ukoga, na kazi hiyo inaisha unapouweka chini. Madini ya floridi yaliyomo kwenye dawa ndiyo kwanza yanaanza kazi yao, nayo inahitaji saa kadhaa.

Miaka ya 1940 mtafiti wa Marekani, Robert Stephan, alipima asidi ndani ya ukoga wa watu waliotoka kusukutua kwa maji yenye glukosi. Katika dakika chache pH, kipimo kinachoshuka asidi inapoongezeka, ilishuka chini ya 5.5, kisha ikachukua kati ya nusu saa na saa nzima kupanda tena. Namba hiyo, 5.5, ndiyo ya kukumbuka. Asidi ikizidi hapo, fuwele za gamba la nje la jino huanza kuachia kalsiamu na fosfeti. Ukoga unapotulia, mate, ambayo yamejaa madini hayohayo, huyarudisha mahali pake. Mnapoteza na kurudishiwa madini kila siku, mara nyingi kwa siku, bila kuhisi chochote. Tundu hutokea pale upotevu unapozidi marejesho kwa miezi na miaka.

Sasa ingiza floridi. Ikiwepo kwenye mate na kwenye ukoga, hata kwa kiasi kidogo sana, huharakisha madini kurudi, na fuwele inayojengwa upya huwa si ile ya mwanzo. Ni ngumu zaidi: inastahimili asidi mpaka pH ifike karibu 4.5. Kwa maneno mengine, mahali palipoanza kuliwa panaweza kurudi pakiwa imara kuliko palivyoumbwa. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na mtandao wa Cochrane mwaka 2003, yakiunganisha majaribio 70 ya watoto, yalionyesha kwamba dawa yenye floridi hupunguza kuoza kwa meno kwa karibu robo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu, orodha ileile yenye dawa za malaria na kisukari. Na sisi tunaisukutua ikaishia kwenye karo.

Usiku jambo hili lina uzito wa pekee. Mchana mdomo hauachi kutoa mate, lakini ukilala yanapungua mpaka karibu kukauka. Ukoga uliolala na mabaki ya chai ya maziwa unatengeneza asidi bila wa kuizimua. Basi ukilazimika kuchagua mara moja tu ya kupiga mswaki kwa siku, chagua usiku. Najua wengi wamelelewa kuamini kwamba mswaki ni wa asubuhi, wa kuondoa harufu kabla ya kuonana na watu. Jino halijali unaonana na nani.

Kuna jambo la sukari pia, na hapa hesabu ya Stephan inatusaidia tena. Chukua dereva wa bodaboda kijiweni mwenye chupa ya soda. Ananywa funda moja, anapata abiria, anarudi, anapiga funda jingine, na chupa hiyo inamfikisha adhuhuri. Kila funda linaishusha pH upya kabla haijapanda, kwa hiyo mdomo wake unakaa kwenye asidi asubuhi nzima. Mwenzake aliyeinywa yote pamoja na chakula ameumia mara moja tu. Ukweli huu ulithibitishwa kwa njia ya aibu. Mwishoni mwa miaka ya 1940, katika hospitali ya Vipeholm mjini Lund, Uswidi, wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa tofi zinazonata ili watafiti waone meno yakioza. Sukari iliyoliwa wakati wa mlo iliongeza matundu kidogo, ila tofi zilizoliwa kati ya milo ziliyaharibu vibaya. Watu hao hawakuombwa ridhaa, na tunachojua leo kimetoka kwenye meno yao.

Nisipotaja waongo sitakuwa nimemaliza. Wa kwanza ni muuza "dawa ya mdudu wa jino". Anakufukiza kwa moshi wa mbegu, kisha anakuonyesha vijidudu vyeupe kwenye bakuli la maji. Ni viini vya mbegu zenyewe, vilivyochomoka baada ya ganda kupasuliwa na moto. Mwaka 1890 Willoughby Miller alikwishaandika kwamba meno huharibiwa na asidi ya bakteria wa mdomoni. Hakuna mdudu wa kufukiza, na maumivu yakipoa kwa siku mbili haimaanishi kwamba tundu limeziba.

Wa pili ni hawa wa kung'arisha meno kwa ndimu na mkaa. Maji ya ndimu yana pH ya 2 na kidogo, chini mno ya ile 5.5, kwa hiyo yanayeyusha jino moja kwa moja bila hata kusubiri bakteria. Kisha unasugua kwa chembe za mkaa juu ya gamba lililolainika. Weupe wa siku chache unaulipia kwa jino linaloshtuka ukinywa maji baridi maisha yako yote.

Wa tatu ananikera kuliko wote: yule anayeng'oa "meno ya plastiki" ya mtoto mchanga anayeharisha au mwenye homa. Tangu miaka ya 1980 imani hii imeumiza watoto Tanzania na kwa majirani zetu. Kile kivimbe cheupe kwenye ufizi ni chonge la mtoto ambalo halijaota. Linachokolewa kwa chombo kichafu, mtoto anavuja damu, anapata maambukizi, wengine wanakufa, na kuharisha kulikomleta kunaendelea bila tiba. Mtoto huyo anahitaji maji ya chumvichumvi na zahanati.

Wasomaji wa Arusha na Kilimanjaro wanauliza kama dawa yenye floridi ndiyo iliyowapa meno ya kahawia. Hapana. Rangi hiyo huingia utotoni, jino likiwa bado linaumbwa ndani ya ufizi, na chanzo kikuu huko ni maji yanayopita kwenye miamba ya volkano, pamoja na magadi ya kupikia. Mtu mzima hawezi kuipata kwa dawa anayoitema. Mtoto anayemeza ndiye wa kuchungwa.

Ya kufanya ni machache. Geuza tyubu usome nyuma: tafuta floridi ya ppm 1000 hadi 1500, na bei si kigezo. Sugua dakika mbili, tema, usisukutue, usile wala kunywa kitu kwa nusu saa. Mtoto wa chini ya miaka mitatu mpakie kama punje ya mchele, wa mitatu hadi sita kama punje ya njegere, na msimamie mwenyewe. Mswaki wa mti nao unaondoa ukoga ukitumiwa kwa makini, ila upake dawa. Povu jingi ni sabuni tu. Soda na chai ya sukari zifuate chakula.

Jino ambalo tayari linakuamsha usiku, floridi haitaliokoa. Usisubiri livimbe ndipo uende kwa daktari wa meno: tundu dogo huzibwa kwa ziara moja, likishafika kwenye mshipa kinachobaki ni kutibu mzizi kwa gharama kubwa au kung'oa.