Mazingaombwe ya Kale, Hadithi ya Kilwa

Wajukuu zangu, bila shaka mmewahi kukaa chini ya mwembe wa shule mkimtazama mtu wa mazingaombwe akivuta vitambaa kinywani, chekundu, cha njano, cha kijani, hata mkadhani tumboni mwake mna duka la nguo. Mchezo ule ni wa zamani sana. Michezo mingi ya mazingaombwe imewapita umri babu wa babu zenu, na nusu ya watazamaji wameshaiona. Sasa anayekula kwa kazi hiyo anaufufuaje mchezo ambao watu wameuchoka?

Nitawajibu kwa kumpitia mgeni mmoja aliyeshuka hapa Kisiwani mwaka 1331. Jina lake Ibn Battuta, mtu wa Tangier, Moroko. Sultani wetu wakati huo alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, yule wa jumba la Husuni Kubwa, ambalo magofu yake yangali juu ya jabali yakiitazama bahari. Ibn Battuta alimsifu kwa ukarimu. Alisimulia kuwa fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa palepale njiani, na sultani akaenda kuzivua akampa.

Kutoka kwetu msafiri huyu alizunguka hata akafika India. Mbele ya sultani wa Delhi, Muhammad bin Tughluq, akaona mtu ameketi, kisha anapanda hewani vilevile alivyoketi, mpaka akawa juu ya vichwa vyao. Ibn Battuta akaanguka, akazimia, ikabidi anyweshwe dawa. Mtu mzima, kadhi, aliyevuka majangwa na bahari!

Akasimulia pia aliyoyaona China, katika mji wa Hangzhou. Fundi alirusha juu mpira wa mti wenye kamba ndefu ya ngozi, ukapaa mpaka ukapotea machoni. Kijana wake akapanda kwa kamba ile, naye akapotea. Fundi akamwita mara tatu, kimya. Akakamata kisu kwa hasira, akapanda. Mara ukaanguka mkono, kisha mguu, kisha kiwiliwili, kisha kichwa. Fundi akashuka, akavipanga viungo, akavipiga teke, na kijana akasimama mzima. Moyo wa Ibn Battuta ukaanza kwenda mbio kama siku ile ya Delhi. Kadhi aliyeketi kando yake akamwambia kwamba hapakuwa na kupanda, wala kushuka, wala kukatwa mtu: kilikuwa kiinimacho tu.

Wawili hao walitazama kitu kimoja, mmoja moyo ukamwenda mbio, mwingine akatulia. Fundi wa mazingaombwe anamtafuta yule wa kwanza. Na watu wa namna ya kadhi huongezeka kila mchezo unaporudiwa.

Sikilizeni alivyofanya Mfaransa mmoja, Robert-Houdin. Karibu na mwaka 1830, huko Madras, watu walimwona Mhindi mmoja ameketi hewani, mkono wake mmoja tu umegusa fimbo. Habari ikaenea Ulaya, siri ikakisiwa: chuma kilichofichwa ndani ya nguo na kuunganika na ile fimbo. Mchezo ungekufa hapo. Lakini mwaka 1846 madaktari wa Marekani walianza kumlaza mgonjwa kwa mvuke wa etha ili apasuliwe asisikie maumivu, na mji mzima wa Paris ukawa hauna mazungumzo mengine. Mwaka 1847 Robert-Houdin akampandisha mwanawe jukwaani. Akasema amegundua kwamba etha nyingi humfanya mtu awe mwepesi. Akamnusisha kichupa, na nyuma ya pazia msaidizi akamwaga etha kwenye chuma cha moto ili harufu iwafikie watazamaji. Kijana akalala hewani, kiwiko chake kimeegemea fimbo moja. Wako waliokasirika wakasema baba huyu anamtesa mtoto kwa dawa!

Siri ilikuwa ileile ya chuma. Kilichobadilika ni hadithi, na hadithi ilichukuliwa kutoka kwenye vinywa vya watazamaji wenyewe. Kwangu mimi, huko ndiko kufufua.

Mchezo wa kamba nao ulipata mkasa wake. Mwaka 1890 gazeti moja la Chicago lilichapisha kwamba huko India kamba inarushwa juu, inasimama yenyewe, na mtoto anaipanda. Miezi michache baadaye gazeti likakiri kwamba habari ile ilitungwa. Wapi! Dunia ilishaamini. Mwaka 1934 chama cha wanamazingaombwe cha London, The Magic Circle, kikatangaza zawadi kwa atakayeufanya mchezo huo uwanjani kama unavyosimuliwa, na zawadi haikuchukuliwa. Hadithi ilishakua mno, mikono ya binadamu ikashindwa kuifikia.

Turudi nyumbani. Mafundi wengi wa kwetu hufunga kilemba, wakasema maneno yasiyoeleweka, wakapuliza mkono. Mimi hilo huliona ni uvivu, maana Kilwa ina hadithi zinazoomba kufanyiwa mazingaombwe. Vile vitambaa vya kinywani, kwa mfano. Masimulizi ya kale yanasema Ali bin Hasan, aliyetoka Shirazi, alikinunua kisiwa hiki kwa mtawala wa bara kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Fundi atakayeanza na kitambaa kimoja mkononi na kusimulia biashara ile, huku nguo zinatoka, zinatoka, haziishi, atakuwa na watazamaji wanaotaka kujua kama zitafika. Siri haibadiliki: hariri nyembamba hukunjika ikawa ndogo sana.

Lakini nipendayo zaidi ni sarafu. Masultani wa Kilwa walitengeneza sarafu zao wenyewe za shaba, ndogo, zenye maandishi ya Kiarabu yenye vina, jina la sultani upande mmoja likipatana kwa sauti na maneno ya upande wa pili. Sasa, mwaka 1944, wakati wa vita, askari wa Australia aitwaye Maurie Isenberg aliokota sarafu kadhaa ufukweni mwa kisiwa cha Marchinbar, kaskazini ya nchi yao. Akazihifadhi kwenye kopo. Mwaka 1979 akazipeleka zichunguzwe, na tano kati yake zikaonekana ni za Kilwa. Zimevukaje bahari yote ile? Wataalamu wanabishana mpaka leo. Fundi gani angetaka hadithi nzuri zaidi kwa mchezo wa kupoteza sarafu?

Mchezo wenyewe hufundishwa kila mwanafunzi wa kazi hii, kwa hiyo simwibii mtu riziki nikiwaambia. Shika sarafu kwa ncha za vidole vya mkono wa kushoto, gumba upande mmoja na kidole cha kati upande wa pili, kiganja kikitazama juu. Leta mkono wa kulia kana kwamba unaichukua: gumba lipite chini ya sarafu, vidole vingine viifunike kwa mbele. Ikishafunikwa, legeza vidole vya kushoto, sarafu idondoke kiganjani palepale. Funga ngumi ya kulia na uiondoe. Mkono wa kushoto uache ushuke wenyewe, usiukaze. Macho yako yaufuate mkono wa kulia, ule mtupu, maana mtu hutazama unakotazama wewe. Hapo simulia habari za Kilwa na Marchinbar bila haraka. Fungua ngumi: hakuna kitu, imeshafika Australia. Kisha irudishe, ukiitoa kwenye pindo la khanga ya bibi, mahali ambapo kila mtu anajua fedha hukaa.

Jambo moja nawakataza. Wale wa karata tatu kwenye vituo vya basi wana mikono hodari, na wanaodai kuzidisha hela nao wanajua kupotosha macho, lakini wanakula nauli za watu. Mtu wa mazingaombwe anakudanganya ukiwa umekuja mwenyewe kudanganywa, na unaondoka na fedha zako zilizobaki baada ya kiingilio.

Sarafu ya shilingi 200 inatosha kuanzia. Jifunzeni mbele ya kioo, mwonyesheni mtu mmoja kabla ya darasa zima, na waulizeni wazee wenu hadithi ambayo mimi sikuitaja. Mkiokota sarafu ya kale kwenye mchanga wa Kisiwani, hiyo msiifanyie mchezo. Ipelekeni kwa wahifadhi wa magofu.