Bakteria na Fosforasi Iliyofungwa Katika Udongo wa Meru

Udongo wa miteremko ya kusini ya Mlima Meru, unaostawisha migomba, kahawa, mahindi na maharage kuanzia Tengeru hadi viungani mwa jiji la Arusha, umetokana na majivu na miamba ya volkano, na ingawa ni mweusi, mwepesi na wenye mboji nyingi, udongo wa asili hiyo huing'ang'ania fosforasi kiasi kwamba mkulima aweza kutia mbolea ya kupandia na bado akaona majani ya mahindi machanga yakigeuka zambarau. Chanzo ni alofani, yaani madini laini mno yenye alumini yanayojengeka majivu ya volkano yanapochakaa, ambayo kwa kushirikiana na oksidi za chuma huinasa fosfati, umbo kuu la fosforasi linalofyonzwa na mizizi, kabla mmea haujaifikia.

Bakteria kadhaa wa udongoni, hasa wa jenasi za Bacillus na Pseudomonas, huweza kuifungua sehemu ya akiba hiyo. Wanaishi kandokando ya mizizi, wakila sukari inayovuja humo, na baadhi yao huigeuza kuwa asidi ya glukoniki, ambayo huyeyusha madini na kuzishika metali zilizoifunga fosfati. Wengine hutoa fosfatasi, vimeng'enya vinavyoikata fosforasi kutoka kwenye mboji. Hawafanyi hivyo kwa hisani: fosforasi wanaitafuta kwa ajili yao wenyewe, na sehemu kubwa huufikia mmea pale tu wanapokufa au kuliwa na viumbe wengine wadogo.

Tangu mtafiti Pikovskaya alipoeleza kipimo chake mwaka 1948, bakteria hawa huchaguliwa kwa kuoteshwa katika sahani yenye fosfati ya kalsiamu, na wanaozungukwa na duara angavu huhesabiwa kuwa hodari. Kwa Meru kipimo hicho kinapotosha, kwa kuwa mlimani mfungaji mkuu ni alumini, ambayo huachia kwa shida zaidi kuliko kalsiamu. Fosfobakterini, chanjo ya udongo yenye bakteria iliyosambazwa katika Muungano wa Kisovieti, nayo haikuleta mavuno ya kuaminika ilipojaribiwa kwingineko.

Hata hivyo fosfati ya kalsiamu haiko mbali. Huko Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, huchimbwa mwamba wa fosfati uliotokana na kinyesi na mabaki ya ndege wa ziwa la kale, ambao ukisagwa huyeyuka polepole katika udongo wenye asidi, na kwa shida katika udongo wa magadi wa nyanda kavu, ambako asidi ya bakteria nayo huzimuliwa upesi. Hapo ndipo lundo la samadi linapofaa kuliko shamba lenyewe, kwani unga wa Minjingu ukichanganywa na samadi inayooza, bakteria hupata chakula na unyevu kwa wiki kadhaa, na asidi za uozo huanza kuumeng'enya mwamba kabla haujakutana na udongo.