Dawa iuayo na dawa iponyayo

Hapa Nchiru mkulima wa nyanya akisema anaenda kununua dawa, huwezi kujua kama anaelekea kwa mfamasia au kwenye duka la pembejeo. Neno hilo tumelitwika mizigo miwili: kinachoponya mtu na kinachoua mdudu. Utata huu una hatari, maana baadhi ya "dawa" hizo za shambani ni organofosfati, sumu kali kwa binadamu.

Neva huamuru msuli ukaze kwa kutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Amri ikishafika, kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemikali mwilini, huivunja ili msuli ulegee. Organofosfati hukikamata kimeng'enya hicho. Basi amri zinarundikana: mate na jasho vinamtiririka mtu, mboni zinasinyaa, misuli inatetema, pumzi inakatika. Atropini anayodungwa hospitalini hutuliza dhoruba hiyo, ila sumu yenyewe haiigusi.

Damu yetu ina kimeng'enya kingine, butirilikolinesterasi (jina refu, niwieni radhi), ambacho huinasa sumu kabla haijafika kwenye neva. Shida ni hesabu. Molekuli moja hunasa molekuli moja tu ya sumu, kwa hivyo kinahitajika kwa wingi, na kukichuja kutoka damu iliyochangwa ni ghali mno. Ndipo Tsafrir Mor na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, wakapachika jeni ya binadamu katika Nicotiana benthamiana, mmea wa ukoo wa tumbaku, majani yakakitengeneza. Mwaka 2010 waliripoti kwamba kiliwakinga wanyama wa jamii ya panya dhidi ya sumu za kivita zinazoshambulia neva kwa njia iyo hiyo. Ajabu ni kwamba aina waliyoirekebisha ili iivunje sumu, si kuinasa tu, haikuwakinga.

Hicho hakijawa tiba ya hospitalini. Lakini si ndoto ati: mwaka 2012 Marekani iliidhinisha kimeng'enya cha binadamu kinachozalishwa katika seli za karoti, kwa wagonjwa wa Gaucher.

Tukirudi dukani, tuandike nini kwenye chupa? "Sumu ya wadudu" yaweza kueleweka kuwa ya nyuki. Mimi nachagua "kiuawadudu". Angalau kitenzi "ua" kinasikika humo waziwazi.