Sheria na Ramani Zisomwe Pamoja

Asafiriye katika barabara zetu kuu ameizoea alama ya X iliyopakwa katika kuta za nyumba. Iko X nyekundu, na iko ya kijani. Wako wanaodhani kwamba ni rangi tu iliyopatikana siku ile. Sivyo hata kidogo. Zamani hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua ikawa mita 30. Basi nyumba iliyomo ndani ya mita zile za zamani hupakwa nyekundu, na mwenyewe huhesabiwa kuwa amevamia. Nyumba iliyomo katika mita zilizoongezwa hupakwa kijani, na mwenyewe anastahili fidia siku eneo lake litakapotakiwa.

Mita saba na nusu! Kwa kipimo hicho mzee mmoja hulipwa na jirani yake huondoka mikono mitupu. Naye yule wa X nyekundu akisema kwamba babu yake alizikwa pale kabla ya barabara kukatwa, shauri huwa refu, maana sasa linahitaji ramani ya zamani, sheria ya zamani, na mtu awezaye kuzisoma zote mbili kwa wakati mmoja. Mtu huyo ni adimu. Wakili anaijua sheria, lakini ukimpa ramani huigeuza juu chini. Mpanga miji anaijua ramani, lakini ukimwuliza haki ya yule mzee atakwambia, “Hilo ni la wanasheria.” Mzee hubaki njiani kati ya ofisi mbili, na nauli inamwishia.

Ndugu msomaji, nataka kusema habari ya elimu inayoziunganisha kazi hizi mbili. Katika nchi nyingine jambo hili si geni. Huko Marekani vyuo kama Columbia na UCLA humruhusu mwanafunzi aliyekwisha pata shahada ya kwanza asomee sheria na mipango ya miji kwa pamoja. Sheria peke yake huko ni miaka mitatu, na mipango ya miji ni miwili; lakini kwa kuwa masomo mengine huhesabiwa pande zote mbili, mwanafunzi humaliza yote kwa miaka minne na kutoka na shahada mbili. Wanaotoka huko huenda kufanya kazi katika halmashauri za miji, katika mashauri ya nyumba na ardhi, na katika kuandika sheria ndogo za miji.

Hapa kwetu milango ni miwili, na kila mmoja una historia yake. Elimu ya sheria ya Chuo Kikuu ilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kabla chuo hakijahamia Mlimani mwaka 1964. Kitivo cha Sheria ndicho kilichokuwa cha kwanza, na wanafunzi wake walikuwa wachache mno. Upande wa pili, mwaka 1956 ilianzishwa huko Mgulani shule ya kufundisha wapima ardhi. Mwaka huo huo Serikali ya mkoloni ilitoa sheria yake ya mipango ya miji na vijiji. Shule ile ilihamia mahali ilipo sasa mwaka 1958, ikaanza kufundisha mipango ya miji na vijiji mwaka 1972, na tangu mwaka 2007 ndiyo Chuo Kikuu Ardhi. Vyuo hivi viwili ni majirani. Mtu hutoka kimoja akaenda kingine kwa miguu. Lakini kijana atakaye elimu zote mbili hana budi azifuate moja baada ya nyingine: miaka minne ya sheria Mlimani, mwaka mmoja wa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, kisha aanze upya upande wa mipango ya miji. Akimaliza, mvi zimekwisha chungulia.

Na tusidhani kwamba elimu hizi mbili hazijapata kukaa katika kichwa cha mtu mmoja katika nchi hii. Miongoni mwa walimu wa kwanza wa sheria mwaka ule wa 1961 alikuwamo Mwingereza, Patrick McAuslan. Baada ya kuondoka Dar es Salaam alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza jinsi sheria inavyopanga ardhi na miji, akaandika vitabu juu ya mambo hayo, kimojawapo mwaka 1980 kikieleza itikadi zilizojificha ndani ya sheria za mipango ya miji. Miaka ya tisini, baada ya Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995, aliitwa aandike muswada wa sheria mpya ya ardhi. Humo ndimo zilimotoka Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Alifariki mwaka 2014. Wako waliompinga, na Profesa Issa Shivji, aliyeongoza Tume ya Rais ya kuchunguza mambo ya ardhi mwaka 1991 na 1992, alikuwa na mawazo tofauti kabisa juu ya nani ashike ardhi ya Taifa. Mimi sisemi nani alishinda katika hoja. Ninalosema ni kwamba nchi ilipotaka sheria ya ardhi ya kijijini na mjini, ilimtafuta mtu wa elimu zote mbili, na ikampata ng'ambo.

Sasa tutazame Korogwe na Handeni, maana huku ndiko elimu hiyo inakotakiwa, zaidi kuliko katika maghorofa ya Dar es Salaam. Wilaya hizi mbili kila moja ina Halmashauri ya Wilaya na pia Halmashauri ya Mji. Mji unakua, na ukikua hula shamba. Mkulima aliyelala mwanakijiji huamka mtu wa mjini, na huenda hana habari, kwa kuwa tangazo lilitoka katika Gazeti la Serikali ambalo yeye halisomi. Na jambo hili si dogo. Mwaka 1990 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba haki ya ardhi ya kimila na hati iliyotolewa na Serikali haziwezi kukaa pamoja juu ya kiwanja kimoja mjini. Eneo likishatangazwa kuwa la mipango ya mji na kupimwa, anayekaa hapo kwa mila yampasa afanye haraka kuomba hati. Akizembea, akapewa mwingine, yeye ndiye mvamizi mbele ya sheria. Miaka minne baadaye Mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba haki ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na Sheria ya 1999 ikatamka kwamba haki ya kimila ni sawa na ile ya kupewa na Serikali. Haya yote ni mazuri vitabuni. Lakini mkulima wa pembezoni mwa Chanika anataka kujua jambo moja tu: mstari wa mji umepita upande gani wa mkorosho wake, na umepita lini?

Korogwe ina shida yake ya peke yake. Reli ilifika hapo kutoka Tanga mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakaifuata reli. Ardhi iliyochukuliwa na Wajerumani iligeuzwa jina mara kadhaa: ikawa milki ya kudumu ya walowezi, kisha mwaka 1963 milki hizo zikafutwa na kuwa ardhi ya kukodi kwa Serikali, kisha mwaka 1969 ikawa haki ya kukaa kwa muda. Jina limebadilika, mipaka imebaki. Mji umebanwa na mkonge, Magunga upande huu na Ngombezi upande huu. Mtu aliyekata mkonge miaka thelathini, akajenga kibanda ukingoni mwa shamba la tajiri wake, ni nani kwa macho ya sheria? Na halmashauri ikitaka kuchonga barabara na kupima viwanja hapo, yaanzia wapi: kwa mwenye hati, au kwa mwenye kibanda? Hapo wakili peke yake ataleta kesi ya miaka kumi, na mpanga miji peke yake ataleta mchoro mzuri usioweza kujengwa.

Handeni nayo imekuwa uwanja wa majaribio. Mpango wa kurasimisha rasilimali za wanyonge, ule uitwao MKURABITA, ulianza majaribio yake ya vijijini katika wilaya hiyo. Bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linapita katika wilaya zote mbili. Na tangu Juni 2022 kijiji cha Msomera kimepokea kaya kutoka Ngorongoro, kila kaya ikipewa nyumba ya vyumba vitatu na shamba la ekari tano. Waliokuwapo Msomera kabla ya hapo nao wana mashamba na madai yao. Kila moja la mambo haya limeanza na mchoro, na kila moja lina swali la haki ndani yake.

Yuko atakayesema: kwa nini mtu mmoja asome mawili? Si wakili na mpanga miji wakae meza moja? Hoja hii ina nguvu, wala siidharau. Katika jiji kubwa inawezekana. Lakini halmashauri ndogo mara nyingi haina uwezo wa kuajiri watu wengi, na mwanasheria wake mmoja hushughulika na mikataba, mashauri ya kazi na vikao vya madiwani hata asipate siku ya kukanyaga kiwanja chenye ugomvi.

Zito zaidi ni suala la gharama. Mtumishi aliyesoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi. Kumwambia arudi darasani miaka mingine kwa fedha zake ni kumkejeli. Kwa hiyo shahada hii ya pamoja ikiwa ya watoto wa wenye nacho tu, heri isianzishwe. Yafaa halmashauri ya Korogwe na ya Handeni kila moja imteue mtumishi wake mmoja, aliye kazini, imlipie ada na kumwachia mshahara, naye atie sahihi ya kurudi kutumika huku kwa miaka sawa na ile aliyosoma. Masomo na yafundishwe jioni na wakati wa likizo. Na kwa kuwa sheria ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, sehemu ya masomo hayo na ifundishwe kwa Kiswahili, ili mtu huyo akirudi aweze kumweleza mkulima mambo kwa lugha anayoielewa.

Na kazi ya mwisho ya kila mwanafunzi isiwe kitabu cha kuwekwa kabatini. Apewe mpaka mmoja wenye ugomvi, tuseme ule wa mji na shamba la Ngombezi, autembee kwa miguu akiwa na ramani zote tangu enzi za Wajerumani, awahoji wanaokaa pande zote mbili, kisha aandike ni nani ana haki gani na barabara ipite wapi. Asome taarifa hiyo mbele ya mkutano wa hadhara hapo Korogwe, nao wananchi wamwulize maswali kabla walimu hawajampa alama.