Wazimamoto wa Kujitolea: Mafunzo Kwanza, Gari Baadaye

Wengi wetu tukisikia habari za zimamoto huko Marekani huwaza magari mekundu yanayong'aa na vijana wa kulipwa wanaolala kituoni zamu kwa zamu. Picha hiyo ni ya kweli kwa New York au Chicago. Ukitoka nje ya miji mikubwa hali ni nyingine kabisa. Kwa takwimu za NFPA, chama kinachotunga viwango vya kinga ya moto nchini humo, mwaka 2020 kulikuwa na wazimamoto wapatao 1,041,200, na kati yao 676,900, yaani asilimia 65, walikuwa watu wa kujitolea. Huyu ni fundi magari, yule ni mwalimu, mwingine mkulima. King'ora kikilia wanaacha chakula mezani na kukimbia.

Tumeona vema kueleza jinsi vikosi hivi vinavyofundishwa na kuongozwa kwa sababu vinafanana mno na kamati zetu za parokia. Vina wanachama wa hiari, mwenyekiti, mweka hazina na mkutano mkuu wa mwaka. Vinachangisha fedha kwa kuuza chakula Jumapili asubuhi, kwa minada na kwa michezo ya bahati nasibu, jambo ambalo sisi tungeliita harambee. Na vina swali lile lile linalotusumbua sisi: mtu anayekuja bure, unaweza kumdai kiasi gani?

Desturi hii ni ya zamani. Mwaka 1736 Benjamin Franklin na wenzake walianzisha chama cha kuzima moto mjini Philadelphia, kila mwanachama akiwa na ndoo zake za ngozi na mifuko ya kuokolea mali. Siku hizo ari na ndoo vilitosha kuanzia. Leo havitoshi.

Kinachofundishwa

Mzimamoto mpya hupewa kozi ya msingi ambayo kwa kawaida huzidi saa mia moja, akisoma jioni na siku za Jumamosi kwa miezi kadhaa. Masharti hutofautiana kati ya jimbo na jimbo. Mengine hulazimisha kozi hiyo kwa sheria, mengine huiacha mikononi mwa kikosi chenyewe. Baada ya kozi kuna zoezi la kila wiki, mara nyingi jioni moja isiyobadilika mwaka mzima.

Mtu asiyejua atadhani mazoezi hayo ni ya kumwaga maji. Maji ni sehemu ndogo. Mwanafunzi hujifunza kuvaa mavazi yote pamoja na mtungi wa hewa huku akihesabiwa sekunde. Hufunikwa kioo cha barakoa ili asione kitu, kisha huingizwa katika nyumba asiyoijua na kuambiwa atafute mtu aliyezimia, akitambaa huku mkono mmoja ukigusa ukuta. Hufundishwa kupapasa viungo vya mpira wa maji ili ajue upande wa kutokea ni upi. Hujifunza kutoingia peke yake, na kwamba wawili wakiingia, wawili wengine wabaki nje wakiwa wamevaa tayari kuwaokoa. Hujifunza pia kusema kwenye redio kwamba amepotea au hewa inamwishia, tena aseme mapema kabla aibu haijamzuia. Walimu wanasema hilo la mwisho ni gumu kuliko kubeba ngazi, nasi tunaamini.

Kuna jambo moja katika mafunzo ya siku hizi ambalo kila mwenye bweni au hosteli ya parokia analihitaji. Wataalamu wa maabara ya UL walichoma vyumba viwili vilivyofanana kwa ukubwa, kimoja kikiwa na samani za kizamani za mbao na pamba, kingine kikiwa na samani za kisasa zenye sponji na vitambaa vya plastiki. Cha kizamani kilichukua kama dakika 29 kufikia hatua ambayo chumba kizima hulipuka kwa moto kwa pamoja. Cha kisasa kilichukua chini ya dakika 5. Mzimamoto mzee aliyejifunza kazi miaka ya sabini alikuwa na muda ambao kijana wa leo hana. Ndiyo maana mtu asiyerudia mafunzo kwa miaka ishirini ni hatari hata kama ni shujaa, na kumwambia hivyo kunahitaji kiongozi mwenye moyo.

Jambo jingine la kushangaza ni kwamba sababu inayoongoza kwa vifo vya wazimamoto kazini nchini humo kwa miaka mingi imekuwa moyo. Mtu wa miaka hamsini na mitano, mwenye shinikizo la damu, anaruka kutoka kitandani, anavaa mzigo mzito na kupanda ngazi. Ajali za barabarani nazo huua wengi, baadhi wakiwa bado njiani kwenda kwenye tukio. Kwa hiyo kiongozi mwema husisitiza kipimo cha afya kila mwaka na mkanda wa gari kila safari. Hayo hayapendezi kwenye picha za wafadhili, lakini yanaokoa watu.

Nani anaamuru

Katika vikosi vingi vya miji midogo mkuu wa kikosi huchaguliwa kwa kura za wanachama. Kura ni nzuri kwa kujenga umoja. Ubaya wake tunaujua sisi sote tuliokaa kwenye uchaguzi wa halmashauri ya parokia: hupata anayependwa, na anayependwa si lazima awe anayejua. Vikosi vilivyokomaa vimepata njia ya kati. Wanachama huchagua, lakini mgombea lazima awe amehudumu miaka kadhaa na kumaliza kozi za uongozi zilizotajwa kwenye katiba. Vingine hutenganisha kabisa: mwenyekiti aliyechaguliwa husimamia fedha, majengo na harambee, na mkuu aliyeteuliwa kwa ujuzi husimamia moto. Kwa maoni yetu mpango huu wa pili ndio unaofaa zaidi.

Kwa mafunzo ya uongozi serikali ya nchi hiyo ilianzisha chuo cha taifa cha zimamoto, ambacho tangu mwishoni mwa miaka ya sabini kiko Emmitsburg, Maryland. Wasomaji Wakatoliki watapenda kujua kwamba majengo yake yalikuwa ya Chuo cha Saint Joseph, kilichotokana na kazi ya Mtakatifu Elizabeth Ann Seton, aliyeanzisha shule huko mwaka 1809.

Wakati wa tukio kuna kanuni moja kuu, nayo ni kwamba lazima ajulikane kamanda mmoja. Utaratibu huo ulibuniwa baada ya mioto mikubwa ya misitu huko California mwaka 1970, ambapo katika siku 13 walikufa watu 16 na majengo zaidi ya 700 yaliteketea. Vikosi vilivyokuja kusaidiana havikuelewana kwa redio wala kwa maneno, na haikujulikana nani anamwamuru nani. Tangu hapo ilikubalika kwamba kamanda abaki mahali anapoona pande nyingi, asishike mpira wa maji, na kila msimamizi awe na watu wasiozidi saba, watano ikiwezekana. Kamanda ahesabu watu wake. Kabla ya yote ajiulize: kuna nani ndani wa kuokolewa? Kama hakuna, anamhatarisha nani, na kwa ajili ya nini?

Katika mji mdogo swali hilo ni zito. Anayeomba aingie ni mpwa wake. Nyumba inayoungua ni ya jirani. Watu wote wamesimama barabarani wanatazama, na atakayesema "tusiingie" atakutana nao kesho dukani na Jumapili kanisani.

Jioni moja mjini West

Mji wa West uko Texas na una wakazi wapatao 2,800. Jumatano tarehe 17 Aprili 2013, saa 1:29 jioni, ilitolewa taarifa ya moto katika ghala la mbolea. Wazimamoto wa kujitolea walifika haraka. Baadhi ya watu wa vikosi vya jirani walikuwa mjini hapo darasani, wakisomea huduma ya dharura, nao wakatoka kwenda kusaidia. Ghala lilikuwa la mbao, na ndani yake kulikuwa na tani nyingi za mbolea ya amonium naitreti. Saa 1:51, dakika 22 baada ya taarifa ile, ghala lililipuka. Walikufa watu 15, na 12 kati yao walikuwa wale waliokwenda kusaidia. Zaidi ya watu 260 walijeruhiwa. Shule, nyumba ya wazee na majengo ya ghorofa yaliharibiwa.

Bodi ya serikali inayochunguza ajali za kemikali ilitoa ripoti yake mwaka 2016. Haikuwalaumu marehemu kwa woga wala uzembe, kwa maana havikuwepo. Ilichoona ni kwamba hapakuwa na kamanda aliyetambulika. Hapakuwa na mafunzo ya kutosha juu ya kemikali. Na hapakuwa na mpango uliotayarishwa mapema kwa ajili ya ghala lile, ingawa lilijulikana na kila mtu na wakulima walinunua hapo. Sheria za Texas hazikuwalazimisha wazimamoto wa kujitolea kufikia kiwango chochote cha mafunzo. Maelekezo ya kitaalamu yaliyokuwepo juu ya mbolea hiyo nayo yalikuwa machache na yenye kupingana. Mwaka 2015 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kutenga mbolea hiyo na vitu vinavyoshika moto, na kuwaruhusu wazimamoto kuingia kukagua.

Uamuzi ambao ungeokoa maisha yale ulikuwa wa kuondoa watu na kuacha ghala liungue. Uamuzi kama huo haufanywi na mtu asiyejua kilichomo ndani, hata akiwa na gari jipya kiasi gani.

Kwa wafadhili na kamati

Hapa tuseme wazi. Mfadhili hupenda kununua kitu anachoweza kukiona, na kamati hupenda kupokea kitu cha kupigia picha. Vikosi vidogo vya Marekani vimejifunza kwamba gari lisilo na dereva aliyefundishwa, mafuta na fundi ni mzigo. Vilevile mavazi ya kuzimia moto yana umri. Viwango vya NFPA vinataka yaondolewe kazini yakifikisha miaka kumi tangu kutengenezwa. Anayepewa msaada wa mavazi ya mitumba asome kwanza tarehe iliyoshonwa ndani. Idadi ya watu wa kujitolea nayo imepungua: mwaka 1984 walikuwa 897,750. Miito imeongezeka zaidi ya mara tatu tangu miaka hiyo, na vijana wanafanya kazi mbali na kwao. Kinachowarudisha jioni ya zoezi, kwa mujibu wa viongozi wenye uzoefu, ni zoezi lenyewe kuwa na maana na kuanza saa iliyotangazwa.

Si kila parokia itaunda kikosi. Lakini mabweni tunayo, na maghala ya pembejeo tunayo. Kyanguli huko Machakos, Machi 2001, walikufa wanafunzi zaidi ya 60 katika bweni lenye nondo madirishani na mlango mmoja uliofungwa. Idodi, Iringa, walikufa wasichana 12 mwaka 2009. Endarasha, Nyeri, walikufa wavulana 21 Septemba 2024. Magodoro yetu ni ya sponji, na dakika zake tumekwisha kuzitaja. Mbolea ya CAN inayouzwa kwetu huchanganywa na chokaa na hatari yake ni ndogo kuliko ile ya West, hata hivyo isiwekwe pamoja na dizeli, mafuta ya taa, magunia matupu au mbao.

Mpango wa mapema hauna gharama. Watu watatu wa kamati wazunguke jengo mchana mmoja na kuandika kwenye karatasi: milango mingapi, funguo ziko kwa nani usiku, maji ya karibu yako wapi, ghala lina nini, nani ataamuru na nani atahesabu watoto. Nakala moja ipelekwe kituo cha zimamoto cha wilaya, na askari wake waalikwe kuja kuona kama gari lao linaweza kupita getini. Kwa Tanzania namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Iandikwe kwa rangi ukutani, nje ya bweni, mahali ambapo mtoto anaweza kuisoma usiku.