MKRISTO NA MNAZI: TUNDA LAKO LINALIWA NA NANI?

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Katika jarida la chama chetu tumezoea kusoma juu ya methali, ngeli na mashairi. Mwaka huu nimeonelea nieleze jambo ambalo wengi wetu tunalisikia kila Jumapili, lakini ukimwuliza mtu maana yake hasa, anaanza kujikuna kichwa. Jambo lenyewe ni hili: Mkristo mwenye matunda ya kiroho ni yupi?

Wengi tukisikia maneno hayo tunamfikiria yule anayeomba kwa sauti kubwa, anayehudhuria kila mkesha, anayeongoza pambio na kukariri mistari ya Biblia kama kasuku. Hayo si mabaya, la hasha! Lakini hayo ni majani ya mti, bado hatujafika kwenye tunda. Mtume Paulo alipowaandikia Wagalatia alitaja sifa tisa kuwa ndizo tunda la Roho. Alianza na upendo, akamalizia na kiasi, na katikati mna furaha, amani, uvumilivu na nyinginezo. Ukizichunguza sifa hizo utaona hakuna hata moja inayohitaji kipaza sauti. Tena nyingi haziwezekani mtu akiwa peke yake. Utamvumilia nani kama huishi na watu?

Yesu alitumia mfano wa mzabibu na matawi yake kwa sababu wasikilizaji wake waliujua mzabibu. Sisi wa Kaloleni mzabibu hatuujui, tunaujua mnazi. Basi nitaeleza kwa mnazi.

Kwanza, tunda huchukua muda. Mnazi wetu mrefu wa kienyeji hukaa miaka sita, saba au zaidi kabla ya kuzaa. Hata ukishaanza, tangu ua lifunguke mpaka nazi ikomae ni kama mwaka mzima. Kwanza huwa kidaka, kisha kitale, halafu dafu, halafu koroma, ndipo ikawa nazi. Na vidaka vingi huanguka njiani. Kwa hiyo mwenzetu aliyeokoka mwezi jana tusimcheke akiteleza, manake bado ni kidaka.

Chukua kisa cha Rabai, ambako si mbali na kwetu. Mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na shirika la Kianglikana la CMS, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo mkewe Rosine na mtoto wao mchanga wakafariki. Mwaka 1846 akajiunga naye Johannes Rebmann, wakaanzisha misheni Rabai. Je, watu walimiminika? Wapi! Miaka ilipita, na waliobatizwa walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Wa kwanza alikuwa Mringe, mlemavu, aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Krapf aliondoka mwaka 1853. Rebmann akabaki mpaka mwaka 1875, akarudi kwao akiwa kipofu. Mtu aliyemwona siku ile akiondoka angesema ati miaka 29 imepotea bure.

Lakini subira huvuta heri. Mwaka 1885, miaka kumi tu baada ya Rebmann kuondoka, William Jones na Ishmael Semler, Waafrika waliokuwa wamekombolewa kutoka utumwani, waliwekwa wakfu kuwa mashemasi. Baadaye imani ikapanda mpaka huku kwetu Ugiriama, na hapa Kaloleni misheni ikaleta shule na hospitali ya St. Luke's. Na sisi wana-Kiswahili tusisahau kwamba kamusi kubwa ya Krapf ilitoka mwaka 1882, naye alikuwa amefariki mwaka 1881. Aliyeipanda hakuiona ikichumwa.

Pili, mti hauli tunda lake. Ni nani amewahi kuuona mnazi ukinywa dafu lake? Dafu hunywewa na mpita njia mwenye kiu. Vivyo hivyo, ukitaka kujua kama Mkristo ana matunda, usimwulize yeye. Waulize wanaoishi naye. Sisi wa shule ya kutwa hatuwezi kujificha katika jambo hili, kwa sababu kila jioni tunarudi nyumbani na huko tunajulikana sana.

Hapa nataka niseme jambo zito. Katika Kaunti yetu ya Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Mara nyingi ushahidi wenyewe ni mvi na macho mekundu tu, na nyuma yake pana ugomvi wa shamba. Kuna wazee walionusurika wakapata hifadhi Kaya Godoma, kule Ganze. La kusikitisha zaidi, wanaowanyooshea kidole mara nyingi ni jamaa zao wenyewe, na wengine kati yao Jumapili wako kanisani.

Sasa tuseme umefika nyumbani jioni, ukawakuta wakubwa wananong'ona kwamba hawe, yaani nyanya yako, ndiye aliyemroga mtoto anayeumwa. Ufanye nini? Wewe ni mtoto. Huwezi kusimama ukawagombeza watu wazima, si adabu zetu. Lakini waweza kukataa kuubeba uvumi ule mpaka kisimani na shuleni. Waweza kwenda kuketi na hawe, ukala naye sahani moja, watu wote wakiona. Waweza kumwendea mapema mtu mzima unayemwamini, awe mwalimu, mzee wa kanisa au chifu, ukamweleza. Na mama wa mtoto waweza kumsihi kwa heshima ampeleke mgonjwa hospitali. Hilo ndilo tunda ninalolisema. Lina gharama yake, kwa maana watu watakununia na kukuuliza uko upande gani. Lakini huenda likaokoa maisha ya mtu, na hakuna pambio liwezalo kufanya kazi hiyo badala yake.

Tatu, mnazi unaogemwa hauzai. Mgema hukata karara kabla halijafunguka, na utomvu ambao ungelisha nazi hudondoka kwenye kibuyu. Simlaumu mgema, manake karo za wengi hapa zimelipwa na mnazi. Ninachoeleza ni kwamba nguvu za mti ni zile zile, zikienda kwenye tembo haziendi kwenye nazi. Mkristo naye hugemwa. Hugemwa na sifa. Akiambiwa kila siku kwamba anaomba vizuri kuliko wenzake, huanza kuomba ili asikike. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hugemwa pia na kinyongo: mtu aliyekosana na mwenzake tangu kidato cha kwanza ametumia miaka mitatu kulisha hasira ambayo haimshibishi yeyote.

Nne, tunda lazima lichunguzwe. Mama akienda sokoni hanunui nazi kwa kuitazama tu. Huitikisa karibu na sikio asikie kama ina maji. Yesu mwenyewe aliwaonya wanafunzi wake juu ya manabii wa uongo, akasema watajulikana kwa matunda yao. Onyo hilo si la zamani tu. Mwezi wa Aprili mwaka 2023 habari za msitu wa Shakahola, humu humu katika kaunti yetu, zilianza kujulikana. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, wakiwemo watoto wengi. Mhubiri mmoja alishtakiwa kwa madai kwamba aliwahimiza wafuasi wake wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu. Watu wale hawakukosa bidii. Walikuwa na bidii kupita wengi wetu! Kwa hiyo bidii peke yake si tunda. Mafundisho yanayowatoa watoto shuleni, yanayomkataza mgonjwa dawa na kumtenga mtu na jamaa yake, yatikise kwanza. Kuuliza maswali kwa heshima si kukosa imani.

Huenda utauliza, "Basi mimi nianzie wapi?" Utazame tena mnazi. Hauna mzizi mmoja mkubwa unaozama chini kama miti mingine. Una mizizi mingi sana, myembamba, na hiyo yote kwa pamoja ndiyo inayousimamisha upepo wa baharini unapovuma. Maisha ya kiroho ni hivyo hivyo. Ni sala fupi ya kila asubuhi, kurasa chache za Biblia, kuomba radhi kabla ya kulala, kukataa kunakili jibu la mwenzako katika mtihani, kumchotea maji mzee asiyeweza kwenda kisimani, kurudisha chenji iliyozidi dukani. Mzizi mmoja mmoja ni kitu kidogo tu, lakini siku ya dhoruba utajua faida yake.

Ndugu zetu Waislamu na wengine wa chama hiki, natumaini hamkuchoshwa. Nimeandika kwa njia ya imani yangu, lakini hawe anayenyooshewa kidole ni wetu sote, na kumlinda hakuna dini inayokataza.

Basi ewe Mkristo mwenzangu, wiki hii usihesabu umeimba mara ngapi. Jiulize ni nani nyumbani kwenu, au kwa jirani, amepata kivuli na kinywaji kwa sababu wewe upo. Kama humpati hata mmoja, usikate tamaa. Mnazi hupandwa leo. Wasalaam.